Hotuba ya saa nzima Furahisha, kwenye habari sekunde thelathini: tumeibiwa?

"Mwalimu shikamoo. Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Juzi chama kimoja cha upinzani kilifanya mkutano viwanja vya Furahisha, na kwa kuwa ni jirani nikaenda na wenzangu, nikasimama mwanzo mwisho. Mzungumzaji aliongea zaidi ya saa nzima, ushuru wa mwaloni, nyavu, mikopo ya kina mama, maji. Katikati akamtania kiongozi mmoja kidogo, watu wakacheka, basi. Usiku nafungua habari kwenye chombo kimoja cha umma nakuta sekunde kama thelathini hivi, wameweka utani ule tu na mtangazaji anasema 'amedai'. Habari iliyofuata kiongozi wa serikali anakagua mradi, dakika nne na anaongea mwenyewe. Mwanangu ananiambia mama punguza presha, hata BBC walikata hotuba ya Trump, wote walewale. Naomba kujua, chombo cha umma si kinatakiwa kigawe dakika sawasawa? Na kukata maneno ya mtu inaruhusiwa? Nilirekodi karibu nusu saa kwenye simu, mwanangu anataka nifute eti inajaza simu."

Marahaba dada yangu. Umeuliza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi wa uandishi wa habari wa mwaka wa kwanza, maana umenipa muda, umenipa neno lililotumika, na umenipa habari iliyofuata, vitu ambavyo watu wakilalamika huwa wanavisahau wanabaki na "wanapendelea, wanapendelea". Chombo chenyewe hujakitaja na mimi sikuulizi, tuongee jambo.

Nikikusoma vizuri, hasira yako wala siyo ya dakika. Wangeweka dakika nne za utani uleule usingelala umefurahi. Kinachokuuma ni kwamba ulisimama juani ukamsikia mtu anaongelea ushuru unaoutoa wewe kila asubuhi, halafu usiku ukaambiwa yule mtu alikuja Mwanza kutania watu. Mkutano uliohudhuria wewe na mkutano ulioonyeshwa ni mikutano miwili tofauti.

Kukata kunaruhusiwa, tena ni lazima, hilo nianze nalo kabisa. Maneno yote ya taarifa ya habari ya nusu saa ukiyaandika yanaenea kwenye kurasa mbili tu za gazeti, sasa hotuba ya saa nzima utaipitisha wapi? Wewe ni mtu wa mwaloni nitakupa mfano wa kwenu. Sangara akifika kiwandani anakatwa, minofu inakwenda huku, mapanki yanakwenda kule, hakuna anayelia kwamba sangara kaonewa. Lakini mtu akichukua panki tupu, kichwa na miba, akampelekea mteja ambaye hajawahi kuliona ziwa akamwambia "huyu ndiye sangara, ndivyo alivyo", hapo kuna kosa, na kosa siyo kisu. Wewe ulionyeshwa panki la hotuba.

Sasa mwanao na habari zake za BBC. Yuko sahihi nusu, na nusu aliyokosea ndiyo inayokusaidia wewe. Tarehe 6 Januari 2021 Trump alihutubia wafuasi wake Washington, ndiyo siku ile watu walivamia jengo la Bunge lao, Capitol. Kuna mahali alisema tutatembea kwenda Capitol tukawashangilie maseneta na wabunge wetu, na akasema pia wafikishe sauti zao kwa amani na kwa uzalendo. Zaidi ya dakika hamsini baadaye, kwenye mada nyingine, akaingia kwenye maneno ya kupigana, kupambana kufa na kupona. Kipindi cha BBC kiitwacho Panorama, kilichorushwa Oktoba 2024 wiki moja tu kabla ya uchaguzi wa Marekani, kikachukua kipande cha kwanza kikakiunga na kile cha mwisho, ukisikiliza unaona ni sentensi moja: twendeni Capitol, na tupigane. Maneno ya amani hayakuwepo. Na muungano wenyewe hauonekani wala hausikiki. Novemba 2025 gazeti la The Daily Telegraph likatoa waraka wa ndani uliovuja ukilalamikia jambo hilo, tarehe 9 Novemba mkurugenzi mkuu wa BBC Tim Davie na bosi wa habari Deborah Turness wakajiuzulu, mwenyekiti Samir Shah akaomba radhi akisema lilikuwa kosa la maamuzi, na Desemba Trump akafungua kesi kule Florida akidai mabilioni ya dola.

Mtu anaweza kusema lakini si ghasia zilitokea kweli siku ile? Zilitokea. Hata mimi nina maoni yangu kuhusu siku ile. Ila mhariri hana ruhusa ya kumtungia mtu sentensi eti kwa kuwa anaamini ndiyo aliyoimaanisha, kama unaamini hivyo leta ushahidi mwingine, mhoji mtu, weka picha, usichomelee maneno yake. Kwenye redio dawa yake ni rahisi sana, ukiruka sehemu unaweka sauti yako katikati: "baadaye katika hotuba hiyohiyo alisema", maneno machache tu, sekunde tatu, msikilizaji anajua hapa pamerukwa. Hao jamaa waliponzwa na sekunde tatu.

Kwa hiyo "wote walewale" hapana. Wote wanaweza kukosea, hiyo ni kweli, hata chombo chenye jina na kanuni ndefu. Swali la maana ni nini kinatokea baada ya kukosea. Ingawa na wao nisiwasafishe, kipindi kilirushwa 2024 na radhi ikaja zaidi ya mwaka baadaye, tena baada ya waraka kuvuja.

Na mimi niliwahi kufanya hivyohivyo, miaka ya tisini mwishoni, wakati huo tunatumia mikanda ya rili, unakata kwa wembe unaunga kwa gundi ya karatasi, vipande vinaning'inia shingoni kama tai. Mheshimiwa mmoja alikwenda kwenye mwalo upande wa Sengerema, akasema kwa sauti nzuri kabisa "hakuna mvuvi atakayenyang'anywa nyavu zake", watu wakapiga makofi. Akazunguka kwenye shule na zahanati, robo saa nzima, ndipo akarudi akasema lakini kokoro, ule wavu wa kuburuta, mimi silitetei, kokoro ni la kuchoma moto. Sehemu ile ya pili injini ya boti ilikuwa inanguruma nyuma yake, sauti mbaya, nikaitupa nikatumia ile ya kwanza. Asubuhi yake wenye makokoro wanawaambia maofisa uvuvi "mheshimiwa kasema redioni tusinyang'anywe", na kokoro lilishapigwa marufuku kitambo. Nililetewa barua. Sikumpendelea mtu yeyote dada yangu, nilipendelea sauti safi. Ndiyo maana huwa sikubali haraka kila mtu anaposema "wametumwa". Mara nyingine hawakutumwa, wamechoka tu, ni saa kumi na mbili jioni, gari ni moja, habari ya saa mbili inawasubiri, na utani ndicho kipande kilichotoka vizuri. Lakini madhara ni yaleyale, kwa hiyo uchovu ni maelezo, siyo utetezi.

Hilo neno "amedai" sasa. Umelisikia vizuri, na kwenye Kiswahili mambo haya yanajificha kwenye kitenzi kuliko kwenye kamera. "Amesema" ni neno safi, halina rangi. "Amedai" linamwambia msikilizaji kaa macho, huyu hana uhakika. "Amebainisha", "amefafanua", "amewahakikishia wananchi" yanamwambia tulia, hilo ni la kweli. "Ameponda" na "amelia na" yanamwambia huyu ni mgomvi. Hakuna neno hata moja hapo ambalo ni haramu, kuna mambo kweli mtu anadai, na kuna mambo kweli yanafafanuliwa. Shida inakuja pale ambapo mwezi mzima upande mmoja unabainisha tu na upande mwingine unadai tu. Jaribu wewe mwenyewe nyumbani, habari ikisomwa badilishana vitenzi, huyu wa mradi mpe "amedai kuwa mradi umefikia asilimia themanini", huyu wa Furahisha mpe "amebainisha kuwa ushuru wa mwaloni unawaumiza wafanyabiashara". Ukiona inakuchekesha ujue tayari masikio yako yameshazoeshwa. Na vyeo vilevile, mmoja anasomewa mheshimiwa, daktari, mwenyekiti wa nini na nini mpaka pumzi inakata, mwingine jina moja kavu.

Picha nayo ina yake. Ukitaka nyomi ionekane nyomi unapanda juu ya gari unapiga kwa mbali, ukitaka uwanja uonekane mtupu unafika saa nane watu hawajaja, unaondoka. Nisiendelee, nitakuwa nafundisha ubaya.

Katika yote uliyoandika, kikubwa kuliko dakika ni hiki ulichokitaja kama unapita tu: mwingine "anaongea mwenyewe". Wanaofuatilia vyombo vya habari wakati wa uchaguzi, waangalizi wa nje na wa ndani, hawaishii kuhesabu sekunde. Wanaandika na sauti ilikuwa ya nani, ya mwanasiasa mwenyewe au ya mtangazaji anayemsimulia, na tena kama habari ilimpamba, ilimponda au ilikaa katikati. Maana mtu unaweza kumpa dakika kumi ukamsema tu dakika zote kumi. Kiongozi anayesikika kwa sauti yake anajieleza, anayesimuliwa anaelezwa.

Haya, dakika sawasawa. Hapa wengi wanachanganya, na wanasiasa ndio wanatuchanganya zaidi. Kugawa sawa kuna wakati wake, na wakati huo ni kampeni. Ile Sheria ya Uchaguzi ya zamani, Sura ya 343, kwenye kifungu cha 53 iliwapa wagombea urais na makamu haki ya kutumia redio na televisheni ya serikali kipindi cha kampeni, na magazeti ya serikali ikayataka yasipendelee hata kidogo, siyo kwenye uandishi tu, hata kwenye ukubwa wa nafasi. Nafasi ya sheria hiyo sasa imechukuliwa na nyingine ya 2024. Ila mkutano wako wa Furahisha ni wa hadhara wa kawaida, kama ile iliyorudi tangu katazo la mikutano ya hadhara lilipoondolewa Januari 2023, siyo kampeni. Siku za kawaida hakuna anayegawa kwa saa ya mkononi, wala isingekuwa na akili, maana serikali inafanya mambo kila siku, inajenga, inafukuza, inapandisha bei, hizo ni habari na zitakuwa nyingi kuliko za wengine. Vyama viko zaidi ya kumi, utampa kila mmoja dakika nne kila usiku, taarifa ya nusu saa itaisha hujamaliza.

Uingereza wana namna nzuri ya kulisema, kanuni zao hazitaki usawa wa mizani ya dukani, zinataka kutopendelea kwa kadiri ya jambo lenyewe. Jambo zito lenye ubishi, pande zipate nafasi ya kueleweka, jambo dogo halihitaji mlolongo. Mimi darasani nawaambia mkasi uwe mmoja. Kama kwa huyu unachukua hoja yake kubwa ya siku, na kwa yule chukua hoja yake kubwa ya siku. Kama huyu unamkagua takwimu zake, na yule mkague. Sekunde thelathini zilitosha kabisa kusema "amezungumzia ushuru wa mwaloni na kutaka upunguzwe", na zingebaki sekunde za kumsikia mwenyewe akisema. Kwa hiyo ukija kulalamika usilalamikie thelathini, lalamikia kilichowekwa ndani ya thelathini.

Na usije ukadhani kutopendelea ni kuwa kipaza sauti. Kama yule mzungumzaji alisema ushuru umepanda mara tatu na karatasi za halmashauri zinaonyesha haukupanda hivyo, mwandishi anatakiwa aseme, na wewe utanuna lakini amefanya kazi yake. Ila na yule wa mradi aulizwe huo mradi ulitakiwa kuisha lini.

Kuna wanaosema basi dawa ni kurusha kila kitu laivu, hapo hakuna wa kukata. Inasaidia, sikatai. Mtakumbuka Januari 2016 serikali ilipotangaza kwamba TBC, Shirika la Utangazaji Tanzania, linaacha kurusha Bunge laivu kama ilivyokuwa, sababu iliyotolewa ikawa gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, ikaanza kuwekwa sehemu iliyohaririwa usiku. Watu walikasirika kwa sababu ileile yako, walitaka kuona wenyewe. Lakini laivu nayo inachaguliwa, nani anarushwa laivu na nani hapana, kamera inabaki kwa mbunge anayeongea au inahamia kwa anayesinzia. Na laivu haisubiri ukague uongo, ukishatoka umetoka.

Halafu kuna hili la "cha umma" na "cha serikali", sisi tunayatumia kama neno moja na siyo neno moja. Radio Tanzania ya tangu 1965 ilikuwa chini ya wizara, chama kimoja, hakuna aliyejificha. Redio za watu binafsi zikaja miaka ya tisini, hapa Mwanza wenyewe mnazijua, na TBC yenyewe imeundwa kama shirika la umma mwaka 2007. Jina lilibadilika haraka kuliko waya wa ndani, maana bosi bado anateuliwa na Rais na ruzuku bado inatoka serikalini. Azimio la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, lile lililopitishwa Banjul 2002 na nafasi yake ikachukuliwa na jipya 2019, lilisema vyombo vya serikali vigeuzwe viwe vya umma kwelikweli, viwajibike kwa wananchi kupitia bunge na siyo kwa serikali. Ghana wao wameliweka hadi kwenye katiba yao ya 1992, ibara ya 163, vyombo vya habari vya serikali vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayopingana. Wakati mwingine mhariri hajapigiwa simu na mtu yeyote, anajipigia mwenyewe kichwani: nikiweka hili kesho nitaulizwa. Hiyo simu ya kichwani ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na sheria peke yake haiikati.

Sasa ufanye nini. Habari moja haithibitishi kitu, wakikuuliza watakwambia siku ile fundi mitambo aliumwa. Chukua daftari lako la madeni, karatasi za nyuma, wiki mbili uandike kila usiku: nani, dakika ngapi, alisikika mwenyewe au alisimuliwa, kitenzi gani, hoja gani. Wenzako wa mwaloni wakusaidie kwa zamu. Ukikuta kweli mkasi ni miwili, andika barua fupi kwa mhariri wa habari wa chombo hicho, taja tarehe na saa, eleza hotuba ilihusu nini na kilichotoka ni nini, usitukane mtu, omba kujua kwa nini na omba warekebishe. Usichelewe, rekodi za vituo hazitunzwi milele. Wakikaa kimya kuna TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano inayosimamia redio na televisheni, wana ofisi ya kanda hapohapo Mwanza na malalamiko ya vipindi yanaangaliwa na Kamati ya Maudhui, na kuna Baraza la Habari Tanzania, lipo tangu 1995, lenyewe ni la hiari na kazi yake kubwa ni kusuluhisha bila kwenda mahakamani. Nikwambie ukweli, kwa habari moja ya mkutano usitegemee makubwa, mara nyingi utapata barua ya "tumepokea". Lakini mhariri anayejua kwamba mwaloni Kirumba kuna watu wanaandika sekunde, kesho anakata kwa adabu.

Kama na wewe umo kwenye hizo picha, labda walikuhoji ukasema hiki wakaweka kile, na watu sasa wanakusema au biashara imeguswa, hapo acha kunisoma mimi uende kwa mwanasheria, au wanaotoa msaada wa kisheria bure kama hela ni tatizo, uende na ushahidi mkononi mapema. Hayo hayamalizwi kwa maandishi.

Kuna kitu kimoja nakukataza kabisa. Usichukue rekodi yako ukakata kipande kile kitamu cha ushuru, ukakirusha kwenye magrupu ya wasap na maneno makali juu yake. Kwanza utakuwa umefanya walichofanya wao. Pili kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 kinahusu taarifa za uongo, na kipande kilichokatwa vibaya kinaweza kukuingiza huko wakati nia yako ilikuwa njema. Ukituma, tuma nusu saa yote, anayetaka kusikiliza atasikiliza, bando ni lake.

Kwa hiyo rekodi usifute. Mwambie mwanao afute hizo video zake za mpira. Na aihamishie kwenye kompyuta ya mtu au simu nyingine leo hiihii, maana wewe unashinda mwaloni, na simu za mwaloni nazijua zinapoishia.